Kitambaa Cheusi Chini ya Kioo

Nilirudisha funguo za kibanda wiki tatu zilizopita, na tangu hapo vijana wawili wa kazi hii wameshafika nyumbani kwangu kuniuliza siri. Siri hakuna. Kuna kipaza sauti, kuna kitufe cha sauti, kuna mdomo. Walipokuja mara ya pili nikaona heri niandike, maana nikisimulia kwa mdomo nitatia chumvi, nimezoea, na jambo lililonitoa kazini halitaki chumvi hata punje.

Kwa msomaji asiyetujua, sisi tunaitwa ma-VJ. Hapa Kampala mtu akiingia kibanda cha video hafuati filamu peke yake, anamfuata pia mtu wa kumsimulia. Filamu inacheza kwa Kiingereza au Kikorea au Kihindi, na VJ amekaa pembeni na kipaza sauti anawasemea wote waliomo: mume, mke, polisi, jambazi, hata mbwa. Wenzangu wengi husimulia kwa Kiganda. Mimi nilisimulia kwa Kiswahili, Nsambya, karibu na nyumba za polisi, kwa sababu watazamaji wetu walikuwa askari na wake zao kutoka kaskazini, mafundi wa reli, na Wakongo. Nilifanya hivyo miaka ishirini na sita na sikuwahi kukaukiwa na maneno isipokuwa siku mbili. Zote mbili nitazieleza.

Mimi ni mtoto wa kambi. Nilizaliwa Mbuya, baba askari, na Kiswahili nilichokinyonya ni kile cha kambini ambacho hakijali ngeli wala wakati. Hiki ninachoandikia nilikipata Eldoret kwa shangazi yangu, aliyenisomesha miaka mitano na kunichapa kila nilipokosea. Niliporudi Kampala nikauza mashati ya mitumba katika soko la Owino. Nilikuwa napanda juu ya meza na kuwasemea hata wateja ambao hawajafika: huyu anasema hili shati limembana, yule anasema mkewe atamfukuza akirudi bila hili la bluu. Watu walisimama kusikiliza na kuondoka bila kununua. Siku moja mzee mmoja mrefu, aliyekuwa dereva wa jeshi, alisimama tangu saa nne hadi saa sita bila kushika shati hata moja.

"Wewe kijana," akasema, "hii mdomo nani iko nakulipa?"

"Hakuna, Mzee. Ni yangu tu."

"Basi kuja na yeye Nsambya kesho saa nane."

Huyo ndiye Mzee Ocen, mwenye kibanda, mwalimu wangu. Alikuwa Mwacholi wa maneno machache aliyejenga biashara yote juu ya maneno ya watu wengine.

Vifaa, maana najua ndivyo mnavyovitaka. Televisheni moja kubwa yenye mgongo mnene. Deki ya kanda, baadaye ya diski, baadaye mnavyojua. Amplifaya iliyopata joto hadi ukaweza kuanikia leso juu yake. Spika mbili, moja ndani na moja nje juu ya mlango, ya kuvuta wapita njia. Kipaza sauti kilichovalishwa soksi ya mtoto ili kisipulize. Mkono wa kulia ulishika kipaza sauti, wa kushoto haukutoka kwenye kitufe cha sauti ya filamu. Mtu akifungua mdomo ndani ya filamu, unashusha sauti yake unasema wewe. Bunduki ikilia, unapandisha. Ukifanya kazi hii miaka mitatu mkono wa kushoto unafanya wenyewe, hata harusini, mtu akisimama kuhutubia vidole vinatafuta kitufe.

Na kulikuwa na kitambaa. Vibanda vingine sikukiona, ni kitu cha Mzee Ocen. Filamu za nje zina maandishi chini ya kioo, Kiingereza cha kusomwa haraka haraka, na Mzee hakuyapenda. Alisema askari wengine wanasoma na wengine hawasomi, na wanaosoma watawacheka wasiosoma, halafu vita vitaletwa kibandani. Basi mkewe akashona kitambaa cheusi chenye upana wa kiganja, kikapachikwa kwa misumari chini ya kioo kukatisha maandishi yote. Humo ndani maneno yakatoka kwa mtu mmoja tu. Nilijiona mfalme.

Amri yake nyingine ilikuwa juu ya kimya. "Pumzi tatu bila neno," alisema, "watu nakumbuka nyumbani." Kwa hiyo sikuacha pumzi tatu zipite. Watu wa filamu wakinyamaza, niliwasemea mawazo. Wakilala, niliwasemea ndoto.

Siku yangu ya kwanza nilimuua mtu asiyekufa. Ilikuwa filamu ya ngumi, wanaume wawili wamevaa makoti yanayofanana, mmoja akaanguka kutoka ghorofani, nami nikatangaza kwa huzuni ya kutosha kwamba ndugu wa shujaa amefariki. Dakika kumi baadaye ndugu huyo akaingia mlangoni anakula tambi. Kibanda kizima kikanigeukia. Benchi la mbele alikaa mke wa koplo mmoja, mwanamke wa Kitgum mwenye sauti ya amri kuliko mumewe.

"VJ, huyu si umezika?"

Nikasema ni pacha wake. Wakakubali. Nilishtuka jinsi walivyokubali upesi, hawakuuliza hata pacha huyo alikuwa wapi saa nzima. Tulipokuwa tunapanga mabenchi Mzee Ocen akaniambia, "Mdomo yako iko kazi. Masikio yako iko likizo." Nikacheka, nikidhani ni utani.

Sasa niwaambie habari za Mama Neema, maana bila yeye nisingekuwa na la kuandika. Alikuja mwaka wangu wa kumi na sita, Mkongo wa Goma, mwembamba, na chuma chake cha chapati amekifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Akaomba akae pale mlangoni, chini ya spika ya nje. Mzee Ocen akamkubalia. Alikaa ameipa barabara uso na sisi mgongo, maana wateja wake wengine walitoka barabarani, na moto wake haukutaka upepo wa mlango. Kwa hiyo filamu hakuziona, alizisikia. Alinijua kwa sauti kabla hajanijua kwa sura, na aliponizoea akawa ananiita papa, kama Wakongo wanavyomwita mwanamume wanayemheshimu.

Aliitwa Mama Neema, na Neema hakuwapo. Sote tulijua. Vita vilipofika mtaani kwao Birere alimshika binti yake wa miaka sita wakakimbilia kanisani, akamweka pa mlango akamwambia asitoke hapo hata iweje, akarudi nyumbani mara moja kuchukua kile chuma, kwa sababu bila chuma wangekula nini huko waendako. Aliporudi hakukuta mtoto wala watu. Alikuwa ameandikisha jina kila ofisi inayotafuta watu waliopoteana, na kila miezi kadhaa alifunga kazi siku moja, akavaa gauni la kijani, akaenda kuuliza. Akirudi hatukumuuliza kitu. Ukimwona ameanza kukanda unga kabla hajavua gauni, basi ndilo jibu. Alipofika kwetu, tangu ampoteze binti ulikuwa umepita mwaka mmoja na kidogo.

Mwaka wangu wa kumi na saba likaja sanduku.

Lilitoka kwa watu wa ofisi moja ya utamaduni pale mjini, waliokuwa wanaonyesha filamu za kisasa za Uingereza na za mataifa mengine, na wakataka zifike mpaka mitaani. Mzee Ocen akapenda kwa sababu zilikuwa bure. Diski kumi na mbili, kila moja na karatasi yake. Nilitegemea bunduki. Nilichokuta kilinishangaza kuliko bunduki yoyote. Kulikuwa na ya Kijapani ya mzee anayefunga duka lake la miavuli. Ya Ajentina ya madada wawili wanaogombea kiti cha marehemu mama yao, kiti chenyewe kimevunjika. Ya Norwe, saa nzima na nusu mtu anasubiri theluji iyeyuke aone kama gari lake bado liko chini yake. Na zile za Waingereza, jamani. Mvua, jikoni, birika, mume na mke wanatazamana. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha upande wao wa kaskazini, wanameza nusu ya neno na kulitema robo. Mimi niliyejiona nakijua Kiingereza sikuambulia kitu.

Ile ya jikoni nusura iniue. Dakika arobaini hakuna aliyempiga mwenzake. Konstebo mmoja, Mganda wa Masaka, akasimama.

"VJ, hii firamu inaendelea rini?"

Nikaogopa. Nikasema kwenye birika kuna sumu. Basi watu walikaa wakalitazama birika lile kwa saa nzima bila kupepesa, mke akimimina wanashika vichwa, mume akinyanyua kikombe wanamwambia aweke chini. Mwishoni mke akaliosha birika, akalifunika, filamu ikaisha. Nikasema amefuta ushahidi. Walitoka wakiisifu kuliko filamu zote za mwezi ule. Wale wa ofisi waliposikia kwamba filamu yao ya talaka imejaza kibanda cha askari, walikuja kutupiga picha.

Baada ya hapo sikuona haja ya kuzitazama mapema. Kanuni ya kazi ni kwamba VJ anaitazama filamu yote peke yake kabla ya kuisimulia. Mimi nilitazama dakika ishirini za mwanzo, nikajua nani mume nani mke, nikalala. Andikeni hilo mahali mtakapoliona.

Ya tisa katika sanduku ilikuwa ya Waingereza, nusu ya kutungwa na nusu ya kweli. Muuguzi wa kike, mnene, mpole, ameachwa na mumewe katika mji wa mvua. Sehemu ya pili anasafiri kwenda kufanya kazi katika kambi ya wakimbizi mbali huko kusini. Kambi ilikuwa ya kweli na watu wake wa kweli, hilo liliandikwa kwenye ile karatasi, nami sikuisoma. Mara muuguzi amefika penye uzio wa waya, na nyuma ya waya amesimama mtoto wa kike. Vidole ameviingiza kwenye matundu. Akafungua mdomo akaanza kusema, na akasema kwa muda mrefu, labda nusu dakika, akitutazama sisi moja kwa moja.

Mkono wangu wa kushoto ukashusha. Nikabana pua, nikatoa sauti ya mtoto.

"Muzungu, leta chapati! Moja haitoshi, leta mbili!"

Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Muuguzi akaanza kulia, nikasema analia kwa sababu hana chapati. Wakazidi. Na nje, chini ya spika, Mama Neema naye alikuwa amesikia, akaingiza mkono mlangoni ameshika chapati juu, bila kugeuka, watu wakapiga makofi.

Maneno hayo yakawa yangu. Kila VJ ana maneno yanayomtangulia, na mimi yangu yalikuwa hayo. Tuliionyesha tena filamu ile mwezi huohuo, na mara ya tatu baada ya miaka miwili, na mtoto alipotokea watu walisema pamoja nami. Yakatoka nje ya kibanda. Askari akitaka kununua kwa Mama Neema hakusalimu kwanza, alisimama akasema, "Muzungu, leta chapati." Naye alicheka kila mara, akawakunjia. Alinishukuru. Aliniambia maneno yangu yamemletea wateja.

Miaka ikaenda. Mzee Ocen akafariki, kibanda kikarithiwa na binti yake, televisheni ya mgongo mnene ikaondoka na kuja ya bapa, na kitambaa kikapachikwa upya kwa upana uleule. Diski zikakaa kabatini. Kisha Jumapili moja mchana, miaka minane tangu sanduku lilipokuja, mechi iliyokuwa ionyeshwe ikaahirishwa, watu wamejaa, wakaanza kudai ile ya leta chapati. Wengine hawakuwahi kuiona, waliyajua maneno tu. Nikaipangusa diski kwa shati.

Tulikwenda vizuri mpaka kambini. Muuguzi anakaribia uzio, mimi navuta pumzi, mara waya wa kipaza sauti ukakatika pale unapoingia kwenye kipaza. Nilisema na sikusikika. Nikainama kuushika, na ili nipate mikono miwili nikaacha kitufe. Nadhani kiwiko changu kilikipandisha. Watu walianza, "Muzungu, leta…" lakini bila mimi kuwaongoza kila mtu akaanza wakati wake, wakaachia njiani. Na katika kile kimya, kutoka spika zote mbili, ya ndani na ya nje, mtoto akasema kwa Kiswahili.

"Naitwa Neema. Mama yangu ni mama wa chapati, kule Birere. Alirudi kuchukua chuma. Alisema nisitoke pa mlango wa kanisa. Sikutoka. Watu ndio walinibeba. Mukimuona, mumwambie sikutoka."

Nilikuwa bado nimeinama chini ya meza. Ninakumbuka niliutazama ule waya, shaba yake imechomoza. Kiswahili. Filamu nzima ya Waingereza, na mtu mmoja aliyesema kwa Kiswahili, Kiswahili ambacho kila aliyekuwa ndani ya kibanda kile angekielewa bila mimi, ndiye niliyemziba mdomo mara tatu.

Nje chuma kikalia kwenye saruji. Mama Neema akaingia na kijiko cha kugeuzia mkononi na unga hadi kwenye viwiko. Hakupiga kelele. Alikuja moja kwa moja kati ya mabenchi, watu wakimpisha, akasimama mbele ya kioo. Picha ilikuwa imeshamrudia muuguzi.

"Papa," akasema, "rudisha nyuma. Ile ni sauti ya mutoto wangu."

Nikarudisha. Akamwona. Aliweka kiganja kwenye kioo, unga ukabaki pale.

"Rudisha tena."

Nikarudisha tena. Mara ya tano au ya sita mke wa yule koplo, mzee sasa, akainuka kutoka benchi la mbele, akashika kitambaa cheusi kwa mikono miwili akaking'oa na misumari yake. Chini yake kulikuwa na maneno ya Kiingereza, meupe, yanasomeka vizuri kabisa. Yalikuwa yamesema vilevile tangu siku ya kwanza.

Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyokaukiwa. Sikuweza hata kumwambia pole. Na usinidhanie mtu mwema, msomaji: katika kushtuka kule, kilichonijia kwanza ni hofu kwamba atakumbuka. Lile la muzungu na chapati lilikuwa mahali hapo hapo, kwa mtoto huyo huyo, na kila aliyekuwamo alijua. Yeye alikuwa amelisikia kwa mgongo tu. Nikajiambia labda hataunganisha.

Niliandika barua kwa wale wa ofisi ya utamaduni, wakaipeleka kwa watu wa ofisi yao Uingereza, nao wakamtafuta mwanamke aliyeitengeneza filamu. Kwa miezi minane nilikuwa naamka nikifikiria barua hiyo. Mama Neema aliendelea kuchoma chapati, sasa ameugeuza mgongo kwa barabara na uso kwetu. Askari hawakumtania tena. Walikuja, wakasalimu, wakanunua, wakaondoka.

Jibu lilipokuja nililisoma nimesimama, nikakaa, nikalisoma tena. Binti alikuwa hai. Alikuwa na miaka kumi na saba, anaishi Uingereza na bibi mmoja aliyemlea, katika mji wa kaskazini, wa mvua. Alichukuliwa kambini akapelekwa huko akiwa na miaka tisa. Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalamu. Tulipoionyesha filamu ile mara ya kwanza, na mara ya pili mwezi huohuo, Neema alikuwa bado kambini. Kambi ilikuwa safari ya basi kutoka Kampala, angefuatwa. Mama yake angekuwa amemfikia kabla ya wiki mbili, na mtoto angemkimbilia akisema Kiswahili.

Maana sasa hakukisema tena. Barua ilieleza hivyo kwa upole: amekisahau, lugha zote za kwao amezisahau, tafadhali tafuteni mtu wa kutafsiri. Mama Neema hakufikiri mara mbili.

"Papa, si weye ndiye kazi yako?"

Tulikutana kwangu, Jumamosi mchana. Binti aliomba tuanze kwa sauti tu, bila picha. Niliweka simu katikati ya meza, nikafungua spika. Mama Neema alivaa lile gauni la kijani. Mikono yangu haikuwa na kazi, hakukuwa na kitufe, nikaikalia.

Sauti ikatoka, ya msichana mkubwa, na Kiingereza kilikuwa kile kile cha jikoni na birika, kinachomezwa nusu. Nilishtuka mno. Lugha niliyoitania miaka yote, niliyoitilia sumu kwa sababu sikuielewa, sasa kila neno lake lilikuwa la mtu aliyekaa mbele yangu ameshika ukingo wa meza. Ilinibidi nimwombe binti arudie. Nikamwomba aseme polepole. Nikamwomba tena. Sikuwahi kuomba hivyo kazini. Alikuwa mvumilivu. Alisema anasoma, anataka kuwa fundi wa meno, anacheza mpira wa wavu, bibi aliyemlea ni mgonjwa. Nikatafsiri meno kama meno na wavu kama wavu. Mama Neema aliuliza kama anakula vizuri, kama ile alama ya moto kwenye mguu iliondoka. Haikuondoka, akasema binti, na hakuwahi kujua ilitoka wapi. "Ni ya chuma," akasema mama. "Alikuwa anapenda kukaa karibu."

Halafu binti akanyamaza, pumzi tatu na zaidi, nami nikaacha zipite. Kisha akasema jambo ambalo sikuhitaji kumwomba arudie.

Sikutafsiri. Hiyo ndiyo siku ya pili niliyokaukiwa.

"Amesema nini?" akauliza Mama Neema.

"Mama…"

"Tafsiri, papa."

"Anasema walipompiga filamu walimwambia itazunguka dunia nzima. Akasema jina lake mle ndani na mahali pa mama yake. Anauliza, kwa miaka yote hiyo, hakuna aliyesikia?"

Ningeweza kumjibu binti mwenyewe. Ningesema filamu haikufika Kampala, ningesema diski iliharibika. Miaka ishirini na sita nimewafufua watu kwa uongo mdogo kuliko huo, na mama asingejua nimesema nini, Kiingereza hakijui. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikamwambia Mama Neema, "Hilo jibu ni langu. Mimi ndiye niliyemfunika."

"Najua," akasema. Hakuinua sauti. "Nilijua tangu siku ile, walipoanza kusema leta chapati wakaacha. Nilikuwa nangoja useme. Sasa mwambie yeye. Kwa maneno yako."

Nikamwambia. Kwa Kiingereza cha shangazi yangu wa Eldoret, vibaya vibaya, nikamweleza VJ ni nini, kitufe ni nini, kitambaa ni nini. Akauliza nilisema yeye amesema nini. Nikamwambia: nilisema umeomba chapati. Nikamwambia watu walicheka. Nikamwambia mama yako alikuwa mlangoni na alicheka pia, kwa sababu hakujua ni wewe. Upande wa pili nilisikia mvua kwenye dirisha lao.

Hakunisamehe, wala hakunitukana. Alisema tu hakumbuki tena alichokisema siku ile, lugha imemtoka, na kama mimi ninakumbuka, basi nimwambie mama yake sasa hivi, ilivyokuwa, nisiongeze kitu.

Niligeuka kwa Mama Neema. Maneno hayo nilikuwa nayajua kuliko jina langu.

"Anasema: Naitwa Neema. Mama yangu ni mama wa chapati, kule Birere. Alirudi kuchukua chuma. Alisema nisitoke pa mlango wa kanisa. Sikutoka. Watu ndio walinibeba. Mukimuona, mumwambie sikutoka."

Mama Neema alikuwa anaitazama simu kana kwamba ina uso. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Mwambie najua hakutoka," akasema. "Mwambie, aliyetoka ni miye."

Nikavuta pumzi, nikayatafsiri, neno kwa neno, nikanyamaza.